Kutoa ukurasa wa Scribus kama vekta bila kuharibu nembo, fonti wala vipimo: mwongozo kamili

Malalamiko ni yale yale kila wiki. Mtu amepanga jarida lake vizuri kwenye Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa. Sasa anataka ukurasa mmoja tu, aupeleke kwa mtu wa mabango au autie kwenye tovuti. Anabofya "Save as SVG" (SVG ni aina ya faili la vekta), faili linatoka. Likifunguliwa upande wa pili, nembo ina kingo za ngazi ngazi, kichwa cha habari kimebadilika fonti, na ukurasa umesinyaa. Anarudia mara tatu, hali haibadiliki. Mwisho anapiga picha ya skrini na kutuma hiyo.

Kosa haliko kwenye kitufe cha kutoa. Liko kwenye vitu vilivyokuwa ndani ya ukurasa kabla hujagusa kitufe. Ukurasa mmoja una herufi, mistari, picha za kamera, nembo, pengine na vivuli. Baadhi ni vekta kwa asili yake: vimehifadhiwa kama hesabu ya mistari na mikunjo, ukivikuza hata mara mia vinabaki safi. Vingine ni pikseli, yaani vidoti vya rangi vilivyopangwa safu safu, na vitabaki pikseli hata ukivifungia kwenye faili la aina gani. Kuliita faili SVG au PDF hakubadilishi kilichomo.

Katika mwongozo huu tutafuata mfano mmoja hadi mwisho: jarida la A4 lenye kurasa 16, na tunautaka ukurasa wa 3. Una kichwa cha habari, nembo ya chama, grafu na picha moja ya kamera. Utachapwa kama bango la A1, na pia utawekwa kwenye tovuti.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Scribus, toleo la 1.6 kama unalo. Matoleo ya 1.4 yanafanya kazi, ila majina machache ya menyu yanatofautiana.
- Inkscape, programu ya kuchora vekta, toleo la 1.2 au jipya zaidi.
- Ghostscript. Scribus huitegemea kusoma mafaili ya EPS (aina ya zamani ya faili la uchapaji) na PDF unayoyaingiza.
- Poppler, kwa ajili ya amri za `pdffonts`, `pdfimages` na `pdftocairo`. Kwenye Ubuntu na Debian andika `sudo apt install poppler-utils`.
- Nembo ya asili katika SVG, EPS au PDF. Ile uliyotumiwa kwa WhatsApp haifai.
- Picha za asili kutoka kwenye kamera, pamoja na mafaili ya fonti zote zilizotumika.

Hicho cha nembo ndicho watu wengi wanakosa, nao huendelea wakidhani programu itawasaidia mbele ya safari. Haitasaidia. Kama mteja hana nembo ya vekta, ichoreni upya kwenye Inkscape kabla ya kitu kingine chochote.

## Hatua ya 1: Amua faili linakwenda wapi

Kuna watu wa aina tatu wanaoomba "vekta", na kila mmoja ana haja yake.

Mchapishaji wa karatasi au mabango anataka PDF. Rangi zake ni za wino, CMYK, na PDF huzibeba jinsi zilivyo.

Mtu wa tovuti anataka SVG. Rangi za SVG ni za skrini, RGB. Ndiyo maana usimpe mchapishaji SVG iliyotoka kwenye kazi ya CMYK: maandishi yako meusi yaliyokuwa wino mmoja mweusi asilimia 100 hugeuzwa kuwa RGB, na mtambo wake ukiyarudisha kwenye wino unaweza kuyajenga kwa rangi nne. Herufi ndogo hutoka na ukungu wa rangi pembeni.

Fundi wa mashine ya kukata stika anataka njia tupu za kufuata kisu: SVG au EPS isiyo na picha, isiyo na uwazi (rangi inayoonyesha kilicho chini yake), isiyo na fonti.

Katika mfano wetu tutatoa PDF kwa ajili ya bango, kisha SVG kwa ajili ya tovuti, kwa mpangilio huo huo.

## Hatua ya 2: Fanya kazi kwenye nakala

Nenda "File", kisha "Collect for Output". Scribus itakusanya faili la kazi, picha na, ukiweka tiki, fonti zote kwenye folda moja. Fungua faili la ndani ya folda hiyo na ufanyie kazi humo.

Scribus haibebi picha ndani ya faili lake la .sla, hukumbuka tu njia ya kuelekea zilipo. Ukihamisha folda ya picha au ukichomoa flashi, viungo hukatika, na picha iliyokatika haitoki. Jambo la pili: hatua zinazofuata zinageuza maandishi kuwa michoro isiyoharirika tena, na hutaki hilo litokee kwenye faili lako la asili.

Umefanikiwa ikiwa nakala inafunguka, na picha zote zinaonekana hata baada ya kuibadilisha jina folda ya zamani.

## Hatua ya 3: Ingiza nembo kwa mlango wake

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, tena kimya kimya, kwa sababu kwenye skrini kila kitu kinapendeza.

Watu huchora fremu ya picha, kisha huita faili la nembo la EPS au PDF ndani yake. Nembo ni vekta, wanajua ni vekta, kwa hiyo wanatulia. Lakini fremu ya picha ni ya picha. Wakati wa kutoa, Scribus huigeuza nembo hiyo kuwa pikseli, isipokuwa umeweka tiki kwenye "Embed PDF & EPS files" katika dirisha la kutoa PDF, na chaguo hilo waundaji wenyewe wameliandikia kwamba liko kwenye majaribio.

Nililijua hili kwa gharama. Nilitengeneza bango la mahafali ya shule moja, upana mita tatu. Kwenye kompyuta nembo ilikuwa kali. Lilipotundikwa ukumbini asubuhi, ukisimama hatua tano tu unaona ngao ya shule ina meno kama msumeno. Nilichapisha upya kwa fedha yangu, likapatikana saa nne wakati wazazi wameshaketi. Tangu siku hiyo siingizi nembo kwa fremu ya picha.

Njia sahihi ni hii:

1. Futa fremu yenye nembo.
2. Nenda "File", "Import", kisha "Get Vector File".
3. Chagua faili la nembo, kisha bofya mahali unapotaka ikae.
4. Ikiingia, itakuwa kundi la maumbo. Irekebishe ukubwa kwa kushika kona huku umebana Ctrl, ili isivutike upande mmoja.

Fanya hivyo hivyo kwa grafu. Grafu iliyotoka kwenye jedwali la hesabu na kunakiliwa kama picha ni pikseli. Itoe huko ilikotoka kama SVG au PDF, uingize kwa mlango huu.

Utajua umefanikiwa hivi: bofya nembo, nenda "Item", kisha "Grouping", na uivunje kundi. Ukiweza kuchagua herufi moja ya nembo peke yake, ni vekta. Rudisha kwa Ctrl+Z.

## Hatua ya 4: Maliza habari ya fonti

Faili linaloenda kwenye kompyuta nyingine haliwezi kutegemea fonti zilizo kwako. Kuna njia mbili za kulinda herufi: kuipachika fonti ndani ya faili, au kuigeuza kila herufi kuwa mchoro. Kwa PDF ya mchapishaji, kupachika kunatosha na ni bora, maana herufi ndogo hubaki kali na faili huwa jepesi. Kwa SVG na kwa mashine ya kukata, geuza kuwa michoro.

Kabla ya yote mawili, kagua alama ya juu kwenye maneno kama ng'ombe, ng'ambo na ming'aro. Programu nyingi za kuandikia hupenda kuigeuza alama ile iliyonyooka kuwa iliyopinda, na fonti nyingi za bure za mapambo hazina iliyopinda. Matokeo yake kichwa kizuri cha "Ng'ombe wa maziwa" kinatoka na kisanduku kitupu katikati ya neno. Mara nyingine alama hupinda upande usio wake, ikawa ya kufungua badala ya kufunga. Zipitie zote kwa "Edit", kisha "Search/Replace".

Kama ukurasa una maandishi ya Kiarabu, kwa mfano kalenda yenye miezi ya Kiislamu, usiache fonti ikaenda hai kwenye programu nyingine. Herufi za Kiarabu hubadilika umbo kulingana na jirani yake, na programu isiyojua hilo huzitenganisha au huzipanga kinyume. Zigeuze kuwa michoro ukiwa bado ndani ya Scribus.

Kugeuza kipande kimoja: chagua fremu ya maandishi, nenda "Item", "Convert To", kisha "Outlines". Kwa ukurasa mzima hakuna haja ya kufanya fremu moja moja. Tutalifanya kwa mkupuo katika hatua ya 7.

Angalia pia kona ya chini kulia ya kila fremu ya maandishi. Ukiona kialama cha mraba chenye X, kuna maneno yamezidi fremu na hayataonekana. Ongeza urefu wa fremu au punguza maandishi.

## Hatua ya 5: Vivuli na uwazi

Kivuli chenye ukungu hakina amri yake katika PDF, kwa hiyo lazima kitoke kama pikseli. Kwenye bango la karatasi hilo linavumilika. Kwenye stika ya kukatwa halivumiliki: kiondoe.

Uwazi ni vekta halali katika PDF kuanzia toleo la 1.4. PDF 1.3 na EPS hazijui uwazi kabisa. Mstatili wako wa rangi asilimia 40 juu ya picha unaweza kutoka umefunika picha nzima. Ukilazimika kutoa EPS, badilisha rangi yenye uwazi kwa rangi nyepesi isiyo na uwazi.

## Hatua ya 6: Pima picha ya kamera

Picha ya kamera haitakuwa vekta, na usijaribu kuilazimisha. Unachotakiwa ni kuhakikisha ina pikseli za kutosha kwa ukubwa wa mwisho.

Hesabu ni hii. Kutoka A4 kwenda A1 upana unakua karibu mara 2.83. Picha iliyokuwa na nukta 300 kwa inchi kwenye jarida itabaki na 106 hivi kwenye bango. Kwa bango linalotazamwa kutoka mbali inatosha. Kama ilikuwa na 150, itashuka hadi 53, na nyuso za watu zitaanza kuvunjika. Tafuta picha kubwa zaidi au ipunguze nafasi yake kwenye ukurasa.

## Hatua ya 7: Toa PDF kwanza, hata kama unataka SVG

Scribus ina "Save as SVG", nayo hutoa ukurasa ule tu uliofunguliwa mbele yako. Kwa ukurasa mwepesi wa maumbo na maandishi inafaa. Kwa ukurasa wenye mchanganyiko kama huu wetu mimi hupitia PDF, kwa sababu njia ya PDF ndiyo iliyotunzwa vizuri zaidi ndani ya Scribus, na ina ukaguzi wa kweli.

1. Bofya "File", "Export", "Save as PDF".
2. Ukiwa na kasoro, dirisha la "Preflight Verifier" litajitokeza. Usilipuuze. Hapo ndipo utaambiwa fonti haina herufi fulani, maandishi yamezidi fremu, au picha imekosekana. Rekebisha, rudi tena.
3. Kwenye kurasa za kutoa, andika 3.
4. Kwenye "Compatibility" chagua PDF 1.4. Kama mchapishaji ametaja PDF/X-1a, X-3 au X-4 (viwango vya PDF za uchapaji), mfuate yeye.
5. Kwenye kichupo cha "Fonts": kwa mchapishaji, pachika fonti zote. Kwa njia ya SVG, chagua chaguo lenye neno "Outline" kwa fonti zote.
6. Kwenye kichupo cha "Color": "Printer" kwa wino, "Screen / Web" kwa tovuti.
7. Kwenye kichupo cha "Pre-Press": kama rangi inafika ukingoni mwa karatasi, weka tiki kutumia ziada ya kukatia uliyoipanga kwenye jarida, ile mafundi wanaiita blidi. Milimita 3 kila upande ndiyo kawaida. Kumbuka bango litakuzwa, na ziada nayo itakuzwa pamoja nalo. Kwa tovuti acha bila.

Hifadhi mara mbili, kwa majina mawili: `ukurasa3-chapa.pdf` na `ukurasa3-wavuti.pdf`. Ni dakika moja ya ziada, inakuepusha kumtumia mtu faili lisilo lake.

Sasa hakikisha kwa amri mbili:

`pdffonts ukurasa3-chapa.pdf`

Kwenye safu ya "emb" kila mstari uwe "yes". Ukiona "no" hata mara moja, rudi kwenye kichupo cha fonti. Kwa faili la wavuti, ambalo herufi zake ni michoro, orodha iwe tupu.

`pdfimages -list ukurasa3-chapa.pdf`

Hii huorodhesha kila picha ya pikseli iliyomo. Ukurasa wetu una picha moja ya kamera, basi tunatarajia mstari mmoja. Ikija mistari miwili na hukuacha kivuli chochote, karibu kila mara wa pili ni nembo uliyosahau kuitoa kwenye fremu ya picha. Amri hii ingeniokoa siku ile ya mahafali.

## Hatua ya 8: Kutoka PDF kwenda SVG

Njia ya haraka ni amri moja:

`pdftocairo -svg ukurasa3-wavuti.pdf ukurasa3.svg`

Kama PDF yako ina kurasa zote 16, taja ukurasa unaoutaka kwa kuongeza `-f 3 -l 3`.

Njia ya pili ni Inkscape. Fungua PDF, chagua ukurasa kwenye dirisha linalojitokeza, kubali. Kwa kuwa herufi tayari ni michoro, hutapambana na fonti mbadala. Kisha "Save As", na aina ya faili iwe "Plain SVG", ambayo haibebi maelezo ya ndani ya Inkscape na ni rafiki kwa tovuti.

Kwa mashine ya kukata, kuna kazi tatu zaidi ndani ya Inkscape. Vunja makundi yote. Kisha chagua kila kitu, nenda "Edit", "Clone", "Unlink Clone", maana vigeuzi hivi vya PDF kwenda SVG huweza kuhifadhi herufi mara moja na kuirejelea, na programu nyingi za mashine za kukata hazielewi marejeleo hayo. Mwisho, mistari yote yenye unene ipitishe kwenye "Path", "Stroke to Path". Kisu hufuata njia yenyewe, hakijui unene. Mstari wa milimita 4 usiogeuzwa utakatwa mara moja katikati yake.

## Hatua ya 9: Thibitisha kwa macho yako

Fungua SVG kwenye Inkscape, nenda "View", "Display Mode", "Outline". Rangi zitaondoka, zitabaki nyuzi nyembamba. Kila herufi ionekane kama uzi uliozunguka umbo lake. Picha ya pikseli itaonekana kama mstatili wenye X ndani. Tunatarajia mmoja, pale palipo na picha ya kamera. Mstatili wenye X mahali pa nembo maana yake urudi hatua ya 3.

Halafu rudisha mwonekano wa kawaida na uvute karibu kwenye ukingo wa nembo hadi asilimia 6400. Mkunjo wa vekta utakuwa laini kama ulivyokuwa. Ukiona viraka vya mraba, hiyo ni pikseli.

Mwisho pima upana. A4 ni milimita 210 kwa 297, sawa na pointi 595 kwa 842 ukizifupisha. Ukikuta ukurasa umeingia na upana wa milimita 157.5, hakuna kilichoharibika: programu moja imehesabu pointi, 72 kwa inchi, na nyingine imezisoma kama pikseli, 96 kwa inchi. Kuza kwa asilimia 133.33 utarudi mahali pake. Kwa mashine ya kukata stika usipite hapa bila kupima, kwani kosa hilo hulioni mpaka stika imeshakatwa.

## Kama hutumii Scribus

InDesign haitoi ukurasa kama SVG moja kwa moja. Toa PDF, kisha fuata hatua ya 8 na ya 9 jinsi zilivyo. Microsoft Publisher, ambayo bado iko kwenye maduka mengi ya steshenari, nayo itoe PDF. Microsoft imetangaza kuacha kuihudumia Oktoba 2026, kwa hiyo mwenye kazi za zamani kwenye mafaili ya .pub azitoe PDF mapema, wakati programu bado inafunguka.

## Hatua ya 10: Kukabidhi

Tuma PDF kama faili la hati, usitume kama picha kwenye simu, kwani programu za ujumbe hubana picha. Weka kwenye folda moja: PDF, SVG ikiwa imeombwa, na picha ndogo ya PNG ya kumwonyesha fundi jinsi kazi inavyotakiwa kuonekana.

Kwenye ujumbe andika vitu vinne: ukubwa wa mwisho kwa milimita, kwa A1 ni 594 kwa 841, kama ziada ya kukatia imo au haimo, kama rangi ni CMYK au RGB, na kama fonti zimepachikwa au zimegeuzwa michoro. Halafu mwombe akutumie picha ya nembo ikiwa imekuzwa kwenye skrini yake kabla hajawasha mtambo.